Je, Ni Dhambi Kuiona Dhoruba Kuwa Nzuri?



Leo sina tafakari ya masomo ya Dominika. Nina swali lililonikalia rohoni tangu Novemba. Nimekaa nalo mbele ya Ekaristi, nimelipeleka kwenye kitubio, na bado halijaniachia. Basi nimeona niliandike, labda na ninyi mna la kusema.

Swali lenyewe ni hili: mtu akiona wingu linalokuja kuharibu shamba la jirani yake, akaliona zuri, zuri kabisa, kiasi cha kusimama mdomo wazi, je, amekosa?

Nianze mbali kidogo. Baba ni wa Karagwe, ndiyo maana niko Jimbo la Kayanga, lakini utotoni nilikaa na bibi mzaa mama huko Muleba, upande wa ziwa. Pale kwa bibi ukitoka nje asubuhi unakiona kisiwa cha Bumbire kwa mbali. Siku nyingine ni mstari mweusi juu ya maji. Siku nyingine hukioni kabisa, kwa sababu ziwa na anga vimekuwa kitu kimoja cha kijivu na hujui mwisho wa hiki ni wapi. Wavuvi wa dagaa wanarudi alfajiri kutoka huko ndani, na unazisikia injini zao kabla hujauona mtumbwi hata mmoja. Bibi hakuwahi kuliita ziwa zuri. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu, na kwetu watu wa Kagera habari hiyo haijawa ya zamani. Ila kila jioni bibi alitoka, akasimama nyuma ya nyumba, akaliangalia ziwa. Nikimuuliza anaangalia nini ananijibu, "Naangalia tu."

Nilianza kuchora nikiwa seminari ndogo. Wenzangu walichora Bikira Maria, tembo, wachezaji mpira. Mimi nilichora ule ukijivu. Mwalimu mmoja aliichukua picha yangu, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena, akauliza, "Sasa hii ni nini?" Darasa zima likacheka. Sikuwa na jibu. Ilikuwa Bumbire siku ambayo Bumbire haionekani.

Picha za aina hiyo wasomi wanaziita sanaa dhahania. Hakuna mtu ndani yake, wala nyumba, wala mti. Kuna rangi, mstari, mwanga na uzito, basi. Najua wengi wenu mnadhani ni kitu cha Wazungu walioshindwa kuchora. Hapana jamani. Vuka Mto Kagera kutoka Kyerwa kuingia Rwanda, utakutana na imigongo. Kinamama wanachanganya kinyesi cha ng'ombe na majivu, wanajenga nacho matuta yenye pembe kali, kisha wanapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mapokeo yanaihusisha kazi hiyo na Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka. Picha imetengenezwa kwa ng'ombe na ng'ombe mwenyewe hayumo! Na bibi yako akisuka mkeka wenye mapambo, umewahi kumuuliza zile pembetatu ni picha ya nini? Humuulizi. Unakaa.

Sasa niko Kyerwa kwa mwaka wa kichungaji. Mwanzoni ziwa lilinikosesha usingizi, nililikumbuka mno. Halafu mvua za vuli zikaanza, nikagundua kitu ambacho wenyeji hawajisumbui hata kukitaja. Huku Karagwe na Kyerwa ni milima na mabonde, bonde baada ya bonde mpaka Mto Kagera. Msimu wa mvua, amka saa kumi na mbili asubuhi upande kilimani. Ukungu umejaa mabondeni mpaka ukingoni, na vilele vya milima vinachomoza juu yake kama visiwa. Kumi, kumi na tano, kila kimoja hafifu kuliko kilichotangulia. Unamsikia jogoo. Unasikia mtu anapasua kuni, mama anamwita mtoto aende shule. Humwoni hata mmoja wao, wote wako chini ya lile ziwa jeupe. Jua likipanda, ukungu unaanza kuchanika, na migomba inatokea, majani kwanza.

Nikapata visiwa vyangu tena. Parokiani palikuwa na ukarabati, vikabaki vipande vya ubao wa dari na makopo ya rangi yenye vidole viwili vya rangi chini. Paroko akaniruhusu nivitumie. (Msinicheke. Mzee Edward Tingatinga naye, alipoanza kule Dar es Salaam mwaka 1968, alichora juu ya vipande vya ubao kwa rangi za kung'aa za dukani.) Kwa miezi miwili nikachora ukungu, na kwa kweli nilikuwa na furaha ambayo sijui niilinganishe na nini. Nilisali vizuri siku hizo. Nilikuwa nikirudi kutoka kilimani, Masifu ya Asubuhi yanatoka yenyewe.

Halafu ikaja Alhamisi ile.

Ilikuwa kama saa nane na nusu mchana. Nilikuwa barazani nafanya hesabu za zaka za kigango fulani. Mwanga ukabadilika kwenye karatasi, nikainua macho. Upande wa Rwanda, juu ya mto, lilikuwa limesimama wingu ambalo sijawahi kuliona mfano wake. Juu jeupe kama pamba, katikati bluu nzito inayoelekea weusi, na mbele yake mlima mmoja bado uko kwenye jua, unawaka kijani hadi unaumiza macho. Upepo ulikuwa umekufa. Lile wingu lilikuja polepole, likameza mlima mmoja, wa pili, wa tatu, kila mmoja ukizimika kama taa. Mimi nimesimama pale na kalamu mkononi, na nawaambia ukweli, nilikuwa natabasamu.

Kisha mabati yakaanza kulia. Mvua ya mawe, dakika ishirini hivi. Ilipokwisha, uwanja ulikuwa mweupe na harufu ya majani yaliyopondwa imejaa kila mahali. Usiku ule nikawasha taa ya sola nikaanza kuchora. Usiku wa pili pia. Usiku wa tatu nikamaliza, na ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Jumatatu akaja mama mmoja, mke wa katekista wa kigango kilichoko bondeni. Alileta taarifa ya jumuiya zake. Ule ubao nilikuwa nimeuegemeza ukutani nje ukauke. Akasimama mbele yake. Hakuugeuza juu chini. Akasema, "Hii ni Alhamisi."

Wapendwa, tangu nianze kuchora hakuna mtu aliyewahi kuitambua picha yangu bila kuambiwa. Moyo uliruka. Nikasema, "Ndiyo, mama! Umejuaje?"

Hakujibu hilo. Aliuliza, "Frateri, wakati ule ulikuwa wapi?"

"Hapa barazani, mama."

"Unaangalia?"

"Naangalia."

"Haya," akasema. Akaacha taarifa mezani, akaondoka.

Ni paroko aliyeniambia jioni. Maharage ya yule mama yalikuwa kwenye maua, yamelala yote. Migomba imechanwa majani yakawa nyuzi. Kahawa zilizokuwa zimeanza kushika, ziko chini. Maharage yale ndiyo yangeuzwa Januari kumlipia binti yake anayeingia kidato cha tatu. Na ni kigango kizima, si yeye peke yake. Kilometa nne kutoka pale niliposimama.

Usiku ule sikulala. Akili yangu, kwa kuwa imefundishwa falsafa, ilikimbilia kujitetea. Na utetezi ulikuwepo, mzuri tu. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa, anauliza kama akili inadanganya inapoondoa baadhi ya mambo kwenye kitu na kubaki na mengine. Anatumia mfano wa tunda. Ninaweza kuiwaza rangi ya tunda bila kuliwaza tunda lenyewe, na hapo hakuna uongo. Uongo unaingia pale nitakaposema kwamba rangi hiyo haimo kwenye tunda lolote, kwamba inaelea yenyewe. Kuacha si kukana. Nikajiambia, basi, mimi nimeiacha nje nyumba ya yule mama, sijaikana. Nimechora rangi bila tunda. Sina hatia.

Lakini lile neno lake, "Haya," halikuwa limenishtaki kwa uongo. Na yako makosa ambayo si uongo.

Nikakumbuka kisa tulichosoma mwaka wa pili. Mwingereza Turner, mchoraji mkubwa wa bahari na hali ya hewa, ambaye picha zake za uzeeni zimekaribia kabisa kuwa rangi na mwanga mtupu, mwaka 1840 alionyesha picha ya meli ya watumwa. Bahari inawaka nyekundu na dhahabu, jua linazama, dhoruba inakuja, na ukisogea karibu unaona mikono na mguu wenye mnyororo vinatoka majini. Ni watu waliotupwa wakiwa hai. Wengi wanaihusisha na meli ya Zong, ambayo mwaka 1781 mabaharia wake waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 120, na wenye meli wakaenda kudai bima. Picha hiyo leo iko Boston. Mwandishi John Ruskin aliipenda kuliko zote, na katika kitabu chake cha 1843 aliisifu kwa urefu: mawimbi, mwanga, rangi ya anga. Wale watu majini aliwataja kwenye tanbihi, chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo.

Niliposoma hayo seminarini nilikasirika sana, nikaandika insha kali na mwalimu akanipa alama nzuri. Sasa nikajiona. Mimi hata tanbihi sikuweka.

Hapo nitofautiane na mtu mmoja mkubwa. Kant, katika kitabu chake cha 1790, anasema kwamba radi, bahari iliyochafuka na milima inayotoka moto vinatuvutia kwa ukuu wake wa kutisha, mradi tuko mahali salama. Mwenye hofu halisi, kwake, hawezi kuhukumu ukuu ule, kama vile mwenye njaa hawezi kuhukumu upishi. Zamani zake Lucretius, Mrumi, alishasema ni raha kumtazama kutoka ufukweni mtu anayehangaika na mawimbi. Alifafanua kwamba raha hiyo haitokani na mateso ya yule mtu, inatokana na kujua kwamba wewe umepona. Nilikuwa nakubaliana nao. Ilionekana ni kweli ya wazi tu: lazima uwe barazani ndipo uone uzuri. Na kama ni hivyo, uzuri wa dhoruba ni mali ya wenye mabati imara, na yule mama hana fungu ndani yake. Hilo lilinisumbua kuliko hata dhambi yangu.

Kwenye kitubio padre hakunihubiria. Aliniuliza swali moja, "Ulipomaliza kuangalia, ulifanya nini?" Nikasema, nilichanganya rangi. Akaniacha nikae kimya na jibu langu mwenyewe. Usiku tatu, ndugu zangu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili yake niliwakomunisha watu ambao baadhi yao walikuwa wametoka kufukua maharage yaliyooza kwenye tope, sikuuliza hata mmoja, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kwenye bluu.

Jumamosi iliyofuata tulishuka bondeni na vijana wa VIWAWA, kumi na wanne, kila mtu na jembe lake. Paroko alipata mbegu. Mvua ilikuwa bado ipo, kwa hiyo maharage ya muda mfupi yangeweza kuwahi, kwa kubahatisha. Tulilima toka saa moja. Mimi nina mikono ya seminari, saa nne ilikuwa imeshatoka malengelenge, na watoto wa yule mama walifurahi sana kuona hivyo.

Tulipokaa kula, ndizi na dagaa, akaja kukaa karibu yangu. Nikaanza kuomba msamaha kwa maneno marefu. Akanikatiza.

"Ile picha umekosea, frateri."

"Najua, mama, sikupaswa..."

"Sikiliza. Umelipaka lile wingu bluu tumbo zima. Bluu ni mvua tu. Chini kabisa palikuwa na weupe, kama majivu ya jikoni, unakwenda hivi." Akaonyesha kwa kiganja, kama mtu anayepangusa meza. "Ule weupe ndio mawe. Mimi nilipouona ndipo nikaingiza watoto na mbuzi. Wewe hukuuona?"

Sikuuona. Nilikuwa nimeliangalia lile wingu nusu saa, mchoraji mzima, mahali salama kabisa, na sikuuona. Yeye alikuwa katikati ya shamba na jembe.

Nikamuuliza kitu ambacho niliogopa kukiuliza. "Mama, na wewe uliliona zuri?"

Alifikiri. "Niliogopa," akasema. "Lakini niliangalia. Wewe ungeweza kuacha kuangalia?"

Tangu siku ile nimemrudia Ayubu. Mwanzoni kabisa mwa kitabu upepo mkubwa unatoka jangwani, unaiangusha nyumba na watoto wake wote wanakufa. Na mwishoni Mungu anamjibu kutoka wapi? Kutoka katika dhoruba. Tena anamwuliza kama amewahi kuingia kwenye ghala za mvua ya mawe. Kwa miaka niliisoma sura ile ya 38 kama ukatili: unamwonyeshaje hali ya hewa mtu aliyefiwa kwa upepo? Sasa nashangaa kitu kingine. Mambo yale yote, bahari katika nguo zake za mawingu, alfajiri inayoishika dunia pembe zake, hakuonyeshwa mtu aliyekaa barazani. Wale marafiki watatu walikuwa salama, walisema maneno mazuri yenye mpangilio, na hawakuona kitu. Aliyeonyeshwa ni yule aliyekaa kwenye majivu. Kant angesema Ayubu hawezi kuhukumu. Sidhani Mungu angekubaliana naye.

Sisemi kwamba mateso yanampa mtu macho. Huo nao ni usemi wa barazani, na nimeusikia ukitumika vibaya hata mimbarini. Binti wa yule mama hakupata macho mapya kwa maharage kuangamia. Alipata wasiwasi wa ada. Nasema tu kwamba nilijigawia uzuri wa lile wingu kana kwamba ni wa kwangu peke yangu, nikawaachia wengine hasara, wakati yule mama alikuwa na vyote viwili na aliviona vyote viwili. Bibi yangu pia, nyuma ya nyumba, akiangalia tu.

Kuna mmoja wenu ataniuliza, basi picha yako ingekuwa na yule mama ndani yake, na shamba lake? Nilijaribu. Nilichora umbo dogo chini kulia, lenye jembe, nikalifuta baada ya siku moja. Lilikuwa linamtumia. Alikuwa amekuwa pambo la kuonyesha kwamba mimi najali. Thomas alikuwa sahihi, naruhusiwa kuacha. Ila zamani nilikuwa naacha na kuondoka. Sasa ninachokiacha nje ya ubao najua kiko wapi, kilometa nne, unashuka kwa njia ya mtoni, nyumba ya pili baada ya mti wa mfenesi. Kama hilo linaonekana kwenye rangi au halionekani, sijui.

Tumbo la wingu nimelirekebisha. Nilichanganya nyeupe na majivu halisi ya jikoni la parokia, yakashika vizuri, ingawa yakikauka yanapauka zaidi ya nilivyotaka. Wiki iliyopita yule mama alipita kuchukua vitabu vya katekisimu, nikautoa ubao nje. Aliutazama, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Bado kidogo," akasema. "Ulikuwa chini zaidi."

Maharage yametoa majani manne. Kesho tunapalilia.